Mlango Usioitika Hodi

Fundi alipoingia hakuigusa kompyuta. Alimpa karani shikamoo, akavuta kiti cha plastiki, akaomba daftari.

Karani akamtazama shangazi, shangazi akanitazama mimi, maana ni mimi niliyemleta. Tulikuwa tumeshafuta vumbi mezani, mashine tumeiwasha tangu asubuhi, mtoto kaenda kuchukua soda. Sasa mtu wa kompyuta anataka karatasi.

"Lipi, mwanangu?"

"La madeni, mzee. Na lile la kabla hamjaanza kutumia mashine, kama mnalo."

Lilikuwepo. Kaunta buku la jalada gumu, pembe zimeliwa na mende, mwandiko wa karani umelalia upande mmoja kama migomba iliyopigwa na upepo. Akalifungua katikati akaanza kusoma, kidole kikishuka mstari kwa mstari: jina, kitongoji, mifuko ya saruji, bati, mbolea, "atalipa kahawa". Alisoma karibu nusu saa. Mimi nilikaa juu ya mfuko wa chumvi nikipiga hesabu ya ujira wake, kwa kuwa nilikuwa nimemwahidi shangazi kazi ya siku moja. Ilichukua siku tatu, na kufikia siku ya pili nilikuwa nimeacha kupiga hesabu, nimebaki kutazama mikono.

Duka ni la jumla, liko Nyakakika, wilayani Karagwe. Huku nyumba imezungukwa na kibanja, migomba juu na mibuni chini yake, na fedha nyingi huonekana kahawa inapovunwa. Mwenye duka la jumla huuza mwaka mzima na hulipwa kwa msimu. Katikati kuna miezi ya kungoja, na miezi hiyo yote inakaa ndani ya orodha ya madeni.

Msomaji wa Kagera hahitaji kuelezwa butura. Kwa wengine: ni kununua kahawa ingali maua au ingali mbichi mtini, kwa bei ya kutupa, kutoka kwa mkulima aliyebanwa na ada ya shule au na mgonjwa. Serikali imeipiga marufuku na bado ipo. Mnunuzi wa butura anahitaji fedha, ndiyo, lakini kabla ya fedha anahitaji habari: nani amebanwa, kwa kiasi gani, tangu lini. Sasa fikiria orodha ya madeni ya duka la jumla, yenye majina, vitongoji na namba za simu, ambayo mashine inaweza kuipanga kwa kubofya mara moja kuanzia anayedaiwa zaidi. Kaunta buku lilikuwa na orodha hiyohiyo, ila ili uisome ilibidi upite mbele ya karani.

"Kabla sijajua nafunga nini," fundi alisema akilifunga, "lazima nijue ndani kuna nini ambacho mtu angekitaka." Ndipo akaomba kuonyeshwa seva.

Ukisikia seva unaweza kudhani kuna chumba chenye baridi na taa za buluu. Hii ni kompyuta ya mezani ya kizamani, imekaa juu ya tofali mbili stoo ili isilowe, kushoto mafuta ya kula, kulia magunia ya sukari. Inaendeshwa na Linux, na ndani yake kuna programu ya stoo na hifadhidata. Waya unapanda kwenye ruta, kutoka ruta unapanda hadi antena ya intaneti juu ya paa. Mtoa huduma aliwapa anwani ya kudumu, ili tawi la Kayanga liandike mauzo humohumo na binamu yangu aliyeko Bukoba aone kilichouzwa bila kupiga simu. Anwani ya kudumu ni sawa na kujenga kando ya barabara kuu. Wateja wanakuona, na kila mpita njia naye anakuona.

Fundi alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, kibodi magotini. Akaandika amri fupi ya herufi chache, ikaja orodha. Kompyuta iliyo mtandaoni, alinieleza, ina milango yenye namba kuanzia 0 hadi 65,535. Nyuma ya kila namba programu inaweza kukaa ikisubiri kuitwa. Mingi haina mtu. Kazi ni kujua ipi ina mtu, na mtu huyo anamngoja nani.

Alikuwa na penseli na karatasi ya sukari. Akaandika namba alizoziona: 22, 80, 445, 631, 3306, 5900. Mbele ya kila namba akaacha nafasi mbili, moja ya "nani anautumia", nyingine ya "kutoka wapi". Halafu akaanza kuuliza, na maswali yake hayakuwa ya kompyuta hata kidogo. Nani anapita huku? Mara ya mwisho lini? Akiwa amekaa wapi?

Wa 22 ni wa fundi, wa kuingilia kufanya matengenezo. Wa 80 ni wa programu ya stoo. Wa 445 ni wa kuazimana mafaili. Hakuna aliyekumbuka ulifunguliwa kwa ajili ya nani. Wa 631 ulikuwa wa printa. Karani akacheka: printa ilikufa kitambo, mzoga wake umefunikwa gunia pale pembeni. Mwenyewe kafa, mlango wake bado uko wazi unamsubiri. Wa 3306 ni wa hifadhidata yenyewe, yaani ghala la nafaka, na ulikuwa unaitika kwa yeyote duniani atakayeuita, ilhali mtu pekee aliyeuhitaji ni programu ya stoo iliyokaa ndani ya sanduku hilohilo. Fundi alibadilisha mstari mmoja katika faili la mipangilio, akaiambia hifadhidata isikilize 127.0.0.1 tu, anwani ambayo kila kompyuta hujiita yenyewe. Mstari mmoja. Kuanzia hapo ghala lina mlango wa kuelekea jikoni, wa barabarani haupo.

Wa 5900 ulimnyamazisha kidogo. Ni mlango wa kuazima skrini: aliye mbali anaiona na kuiendesha kana kwamba amekaa mbele yake. Aliyewafungia programu miaka ile aliuacha ili akipigiwa simu asisafiri. Nenosiri lake lilikuwa jina la duka kwa herufi ndogo, na jina la duka limeandikwa kwa rangi nyekundu ukutani, barabarani.

Hakusema neno baya juu ya aliyemtangulia. Nimeona mafundi wengi, wa pikipiki, wa mabomba, wa redio, na salamu yao ya kwanza ni kumponda wa mwanzo. Huyu aliandika "hauhitajiki" kwenye karatasi ya sukari, akauzima, akaendelea.

Shangazi alikuwa amesimama mlangoni muda wote, mikono kiunoni. "Kumbe anapunguza machipukizi," alisema.

Ndivyo hasa. Anayejua kutunza kibanja haachi kila chipukizi lililoota. Kwenye shina moja anabakiza mama, mtoto na mjukuu, mengine anayang'oa yakiwa madogo, la sivyo yanakula pamoja na yote yanakonda. Seva nayo huota machipukizi: programu ya majaribio, akaunti ya mgeni, mlango wa printa. Hayazai kitu, na kila moja ni pa kushika kwa anayepanda ukuta. Jerome Saltzer na Michael Schroeder waliandika mwaka 1975, wakati kompyuta ingali kitu cha taasisi kubwa, kwamba kila programu na kila mtumiaji apewe uwezo ule tu unaomtosha kwa kazi yake. Nusu karne imepita na sijaona aliyeliboresha wazo hilo; ninachoona ni watu wanaolitekeleza na wasiolitekeleza.

Akaunti zilikuwa tisa. Watu wanaofanya kazi ni wanne. Katika tano zilizozidi kulikuwa na ya kijana aliyeacha kazi akahamia Kyerwa, na moja iliyoitwa "test". Zilizimwa zote, lakini hazikufutwa, ili jina likijitokeza tena kwenye kumbukumbu ijulikane kuwa kuna mtu analijaribu. Sikutegemea uangalifu huo.

Siku ya pili ilikuwa ya ukuta. Fundi anauita fayawoli, kama wenzake wote. Ni orodha ya kanuni inayosomwa juu hadi chini kila kifurushi cha data kinapofika: wewe pita, wewe pita, waliobaki hapana. Uzuri uko kwenye huo mstari wa mwisho. Asiye mzoefu huanza kwa kuruhusu wote na kutaja wabaya, na wabaya hawaishi kutajwa. Huyu alianza kwa kukataa wote, ndipo akataja wachache wanaokubalika. Karatasi ya sukari iliyokuwa na namba sita ilibakiwa na mistari miwili.

Kabla ya kuwasha kanuni alifanya jambo ambalo ningelipita nisipokuwa makini. Alifungua dirisha la pili la amri akaliacha wazi bila kulitumia, kisha akaiagiza mashine: baada ya dakika tano, rudisha kanuni za zamani, isipokuwa nikikuambia usirudishe. Halafu akawasha. Akiwa amekosea na kujifungia nje, dakika tano zingempa mlango. Alikuwa amekaa hatua moja kutoka kwenye mashine yenyewe, angeweza kunyoosha mkono. "Ni mazoea," alisema. "Nyingine nazifanya niko Kayanga, mashine yenyewe iko mbali." Fundi wa paa naye hufunga kamba kiunoni hata kwenye banda la kuku.

Kukataa nako kuna namna. Ukuta unaweza kumjibu anayebisha: hapana, hapa hapaingiliki. Au unaweza kukitupa kifurushi chake usiseme kitu. Tofauti ni ndogo kwenye faili, neno kwa neno jingine, lakini fundi aliitafakari. Anayejibiwa "hapana" amejua kuwa nyumba ina mtu. Asiyejibiwa hajui kama amefika nyumba, kichaka au shimo.

Hapo karani aliguna. Sisi tumelelewa kwamba hodi huitikiwa. Mgeni akibisha ukakaa kimya ukiwa ndani, kijiji kizima kitajua kabla ya magharibi. Hata mdai huambiwa karibu kwanza. Na hapa binti huyu fundi anatengeneza nyumba isiyoitika, tena anaiona nzuri.

"Inaitika, mzee," akamwambia. "Inaitika sauti inayoijua."

Alikuwa anazungumzia WireGuard, programu ya Jason Donenfeld iliyoingizwa rasmi ndani ya Linux mwezi Machi 2020. Ni njia ya faragha inayochimbwa katikati ya intaneti ya wote: upande mmoja seva ya Nyakakika, upande wa pili kompyuta ya Kayanga na simu ya binamu Bukoba, na kila kinachopita ndani kimefumbwa kwa msimbo. Programu za kazi hiyo zilizoitangulia zilikuwa na laki za mistari ya maandishi. Hii ilitoka na takriban 4,000, kiasi ambacho mtu mmoja mwenye subira anaweza kukaa akakisoma chote. Pande zote zinabadilishana funguo mapema. Baada ya hapo, kifurushi kisichotiwa sahihi ya ufunguo unaojulikana hakijibiwi chochote. Ukiupima mlango wake kutoka nje huwezi kuutofautisha na mlango usiokuwepo. Kayanga ikibisha, unafunguka papo hapo. Fundi alibisha kwa simu yake mwenyewe ambayo haikuwa na ufunguo, akanionyesha skrini: kimya. Akabisha kwa kompyuta ya tawi: programu ya stoo ikaja, na hesabu ya mabati. Nilimwomba arudie. Akarudia.

Tanzania njia ya faragha ya namna hiyo, VPN, ina neno la ziada. Mwezi Oktoba 2023 TCRA ilitangaza kwamba wanaoitumia kwa shughuli zao watoe taarifa kabla ya tarehe 30 ya mwezi huo, na wafanyabiashara wengi wakabaki na hofu kwamba kitu chenyewe ni haramu. Fundi anabeba fomu na anaijaza pamoja na mteja, kama fundi umeme alivyokuwa akibeba za TANESCO. Shangazi alitia sahihi bila kusoma, akaambiwa asome kwanza, akasoma.

Mlango wa 22 nao aliuhamishia ndani ya njia hiyo, akauondolea nenosiri kabisa, abaki anaingia kwa ufunguo: faili mbili zilizozaliwa pamoja, moja ya siri isiyotoka kwenye kompyuta yake, nyingine ya wazi iliyoachwa kwenye seva. Programu ya mlango huo, SSH, ina chanzo ninachokipenda. Mwaka 1995 kwenye mtandao wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Helsinki, Finland, mtu alitega akawa anachota manenosiri yanayopita, kwa kuwa siku zile yalipita waya mzima bila kufunikwa. Mtafiti mmoja wa pale, Tatu Ylönen, aliketi akaandika njia ya kuingia mashine ya mbali ambayo mchota hapati kitu. Akaigawa bure mwaka huohuo. Mafundi wa dunia nzima wanapita humo hadi leo, na aliye Nyakakika juu ya ndoo ni mmoja wao.

Ruta ilikuwa MikroTik, kifaa cha Latvia ambacho mafundi wetu wanakipenda kwa bei na kwa uwezo. Aliangalia kwanza ina toleo gani la programu. Mwaka 2018 lilijulikana tundu kwenye mlango wa 8291 wa ruta hizo, lililomwezesha mtu wa mbali kusoma faili la watumiaji na manenosiri yao. Kampuni ilitoa kiraka mwezi Aprili. Miezi ikapita, na kufikia nusu ya pili ya mwaka zaidi ya ruta laki mbili duniani zilikuwa zimetekwa, zinazichimbisha kompyuta za watumiaji wao sarafu za kidijitali kwa faida ya wageni, kwa sababu wenyewe hawakuweka kiraka. Ya shangazi ilikuwa na toleo la zamani kiasi cha kumfanya fundi avute pumzi. Akalisasisha, akafunga 8291 kwa nje, na hapo pia alitumia hali ya tahadhari ya kifaa hicho, ambayo mawasiliano yakikatika katikati ya mabadiliko hujirudisha yalivyokuwa. Umeme ulikatika dakika chache baadaye. Nilicheka peke yangu, yeye hakucheka. Aliwasha tochi ya simu akaendelea kuandika kwenye karatasi yake.

Kuhusu flashi nilidhani kutakuwa na ugomvi, kwa sababu karani anaipenda ya kwake kama rozari. Anaihamisha kutoka seva kwenda kwenye kompyuta ya mchapaji, kutoka kwa mchapaji kwenda kwa mjukuu, na kurudi. Fundi hakumhubiria virusi. Alimuuliza, "Mzee, kibanja chako kilipata unyanjano?"

Karani akanyamaza, kisha akasema kilipata. Mnyauko wa bakteria ulivuka kutoka Uganda ukaingia Kagera katika miaka ya 2000, majani yakageuka manjano na ndizi zikaiva kabla ya wakati, ukikata mkungu ndani kuna kahawia. Wakulima walijifunza kwa gharama kwamba panga lililokata mgomba mgonjwa linaupeleka ugonjwa kwa mzima. Ndiyo maana mwangalifu hulichoma panga motoni au hulisuuza kwa jiki kabla ya kuhama shina, na ua dume halikati kwa chuma. Hulivunja kwa kijiti chenye panda.

"Flashi yako ni panga," fundi alisema. "Sikukatazi kukata. Liwe la kibanja kimoja."

Alinunua flashi nyingine dukani, akaikwaruza alama ya msalaba kwa msumari, hiyo ni ya seva tu. Ya zamani karani akaondoka nayo shingoni. Sijui kama kuna chuo kinachofundisha hivyo.

Siku ya tatu ilikuwa ya kusoma, na kama kuna sehemu ya kazi hii ninayoweza kuiita sanaa bila aibu, ni hii. Seva huandika kila kinachotokea: aliyeingia, aliyekataliwa, saa ngapi, kutoka anwani gani. Mafaili hayo hayasomwi na mtu. Fundi aliyafungua ya miezi iliyopita akaanza kuyapitia kwa kasi ileile aliyosomea kaunta buku. Kurasa na kurasa zilikuwa za wabishaji: root, admin, test, oracle, pi, majina yaleyale yakijaribiwa usiku kucha kutoka anwani za nchi ambazo hakuna mtu wake aliyewahi kusikia Nyakakika. Si watu, ni mashine zinazopita nyumba hadi nyumba duniani zikisukuma vitasa. Hizo alizipita kama unavyopita makapi. Alikuwa anatafuta mstari mmoja uliokubaliwa ambao haukupaswa kukubaliwa.

Akiwa anasoma alimsimulia karani kisa cha Clifford Stoll. Mwaka 1986, kwenye maabara ya Lawrence Berkeley huko California, hesabu za matumizi ya kompyuta zilipishana kwa senti 75. Stoll, mwanaastronomia aliyekuwa ameazimwa idara ya kompyuta, aliambiwa atafute zimekwenda wapi. Senti hizo zilikuwa sekunde chache za mtumiaji asiyekuwa na bili. Aliufuata uzi huo miezi kadhaa, akalala chini ya meza, akaunganisha printa kwenye laini ili kila alichopiga mgeni kichapwe, mpaka ukamfikisha Hannover, Ujerumani, kwa Markus Hess, aliyekuwa akipekua kompyuta za jeshi la Marekani na kuiuzia KGB alichokipata.

"Senti sabini na tano," karani alirudia. Nilimwona amekaa wima. "Mimi nilitafuta shilingi hamsini siku tatu. Mama anajua."

"Nilikuambia uziache," shangazi alisema.

"Na nilizipata."

Kuanzia hapo fundi alikuwa na msaidizi. Karani alivuta mfuko wake wa chumvi karibu, akavaa miwani, wakawa wanasoma pamoja. Yeye hajui Linux, lakini anajua duka: siku ya gulio, siku ambayo lori la saruji lilichelewa, Jumapili ambazo hakuna anayefungua. Fundi anajua mashine. Kilichotakiwa ni wote wawili.

Wakafika kwenye mstari ambao akaunti ya karani ilikubaliwa saa 04:10.

Karani alivua miwani. Saa kumi na dakika kumi alfajiri? Saa hizo yuko kitandani. Shangazi akainama akasoma naye: hiyo si saa nne na dakika kumi asubuhi? Basi ni vibaya zaidi, kwa sababu asubuhi hiyo saa nne karani alikuwa Kayanga benki, risiti ipo. Ukimya ukaingia stoo. Namba nne zilezile, na kila mmoja alikuwa na mwizi wake.

Fundi hakuharakisha kuwatuliza. Aliandika kwanza saa ya mashine, akaiuliza mashine inatumia saa za wapi, ndipo akasema: seva inahesabu saa za dunia, ziko nyuma ya Afrika Mashariki kwa tatu. Ongeza tatu, ni 07:10. Halafu sisi Waswahili tunaanza kuhesabu jua linapochomoza, kwa hiyo toa sita. Saa moja na dakika kumi asubuhi. "Mzee, unafungua saa ngapi?"

"Saa moja," karani alisema. Akaivaa miwani. "Siku hiyo mvua ilinichelewesha."

Mwizi alikuwa yeye. Shangazi alicheka mpaka akaegemea magunia ya sukari. Fundi alitabasamu kidogo akaandika tarehe na mstari huo kwenye karatasi yake, na mbele yake neno "amekubaliwa, ni mwenyewe", kisha wakaendelea na unaofuata. Walisoma miezi yote hadi mwisho. Hawakupata aliyeingia kinyemela, na fundi hakutamka kwamba hakuna aliyewahi kuingia; alisema kwamba katika kilichoandikwa hakumwona. Nilimheshimu kwa sentensi hiyo kuliko kwa ukuta.

Nilimuuliza kwa nini asiigeuze saa ya mashine iwe ya kwetu, amalize utata. Inawezekana, alisema, ni amri moja. Lakini ruta nayo inaandika kwa saa za dunia, na siku likitokea jambo atataka kuweka maandishi ya mashine zote mbili sambamba bila kufikiri. Kufikiri kufanywe na watu, siku tulivu.

Yaliyobaki yalikwenda haraka. Nakala rudufu mbili kwenye diski mbili zilizofumbwa, zinapokezana kila wiki, moja iko stoo na nyingine kwenye kabati la nguo za shangazi chini ya vitenge vya misiba. Diski haijawa nakala mpaka irudishwe, hivyo alileta kompyuta chakavu, akajifanya seva imeungua, akaanza upya kutoka kwenye diski ya kabatini. Ilichukua saa moja na nusu, hesabu ya mabati ikatoka ileile. Akaeleza kwa ufupi Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, na kwamba orodha ile ya wadaiwa sasa ni amana kisheria, hata kama shangazi aliiona hivyo tangu zamani. Ile ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inamwadhibu anayeingia mfumo wa mtu bila ruhusa. Aliitaja kwa sauti ya mtu anayetaja polisi wa wilayani, wapo, ila ufunge mlango.

Alilipwa, akafungiwa mkungu wa matoke nyuma ya bodaboda, akaondoka kabla ya mvua.

Nilibaki wiki moja zaidi. Hakukuwa na cha kuona: sanduku lilelile juu ya tofali mbili, feni inavuma, nzi wa sukari. Asubuhi ya siku yangu ya mwisho nilimkuta karani amefika, ameshafungua, kaunta buku jipya liko mezani. Alikuwa amelipiga mistari kwa rula. Safu ya kwanza tarehe, ya pili jina lake, kisha safu mbili za saa, kalamu ya buluu na kalamu nyekundu. Ya buluu ilisema saa 1:05 asubuhi. Ya nyekundu, kwa mwandiko uliolalia upande mmoja, ilisema 04:05.

"Ili akija kusoma," aliniambia, "asipate shida."